Kansa ya ini Masisi na Walikale: wakati tumbo linajaa maji, ugonjwa umekwisha kuingia mshipa mkubwa

Kule Masisi na Walikale kuna namna moja ya kufa ambayo watu wengi wanaijua bila kujua jina lake. Mwanaume wa miaka 38 ao 45, mkulima ao mchimbaji, mwenye nguvu zake zote, anaanza kupoteza kilo. Chini ya mbavu, upande wa kuume, mkono unagusa kitu kigumu. Kisha tumbo linajaa maji, macho yanageuka manjano, miguu inavimba. Siku moja anatapika damu. Kutoka malalamiko ya kwanza mpaka kaburi, mara nyingi miezi haifiki 4. Na kwenye kilio neno linalotembea ni moja: "Huyu walimulisha karuho."

Karuho ni jina ambalo Kivu nzima inalijua, ni sumu ambayo jirani, muke wa pili ao mwenzako wa kazi anadaiwa kutia katika kikombe. Magonjwa mengi yanaweza kujaza tumbo la mtu: moyo, figo, kifua kikuu cha tumbo, ini lenye makovu. Lakini kwa mtu ambaye bado kijana, mwenye uvimbe mgumu upande wa ini na anayeisha kwa haraka namna hii, moja ya sababu za kwanza kutafuta ni kansa ya ini. Kansa hii haina haja ya adui. Ilianza ndani ya mwili miaka 20, 30 ao 40 mbele ya siku tumbo lilipoanza kuvimba.

Kwa nini watu wanafika hospitali kwa kuchelewa hivyo, na kwa nini wakifika hakuna kikubwa cha kufanya? Jibu la kwanza liko katika mishipa ya damu.

Mshipa wa mlango

Ini linapokea damu kwa njia mbili. Njia ndogo inatoka moyoni. Njia kubwa, yenye kuleta karibu robo tatu za damu yote, inatoka matumboni: ni mshipa ambao wanganga wanauita porta, ni kusema mlango. Sehemu kubwa ya chakula kinachonyonywa na matumbo inapita pale. Damu ikisha kusafishwa, inatoka nyuma ya ini kwa mishipa mingine, inaingia mshipa mkuu unaopanda mpaka kwenye moyo.

Kansa ya ini inapenda damu. Wakati uvimbe unakua, unatoboa ukuta wa mishipa hiyo na kuota ndani yake, kama mzizi unaoingia katika bomba la maji. Ukifuata porta, unaiziba. Damu ya matumbo inakosa pa kupita, inarudi nyuma. Njo maana maji yanajaa tumboni, bandama inavimba, na mishipa midogo ya koo la chakula inatanuka mpaka inapasuka. Ile damu ambayo mgonjwa anatapika usiku, na ambayo familia inaona ni alama wazi ya sumu, mara nyingi inatoka pale.

Uvimbe ukifuata mishipa ya nyuma, unaweza kuingia mshipa mkuu na kupanda hadi kwenye moyo. Hapo miguu yote miwili inavimba, pumzi inakuwa fupi, na vipande vya uvimbe ao vya damu iliyoganda vinaweza kukimbia mpaka kwenye mapafu.

Kitu kinachoshangaza watu ni kwamba haya yote yanaweza kutokea bila maumivu makubwa mwanzoni. Ndani ya ini hakuna mishipa ya kuhisi uchungu. Uchungu unakuja wakati ngozi inayofunika ini inavutwa. Mgonjwa anasema, na ni kweli, kwamba mwezi uliopita alikuwa anabeba mzigo.

Kwa wanganga wa dunia nzima, kuingia kwa kansa katika mishipa mikubwa ni mpaka. Hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo, ukisha kuingia porta ugonjwa unahesabiwa kuwa umeendelea sana. Kupasua hakufanywi isipokuwa mara chache katika hospitali kubwa sana, hasa za Asia. Kubadilisha ini, kwa kawaida, kunakataliwa.

Dawa zipo. Ya kwanza iliyoonyesha faida, sorafenibu, ilianza kutumiwa kwa kansa hii mwaka wa 2007. Katika uchunguzi mkubwa uliofanya ikubaliwe, wagonjwa waliopewa vidonge vya bure visivyo na dawa waliishi karibu miezi 8, na wale wa sorafenibu karibu miezi 11. Kisha mwaka wa 2020 kukaja dawa mbili za kutiwa kwa mshipa pamoja, atezolizumabu na bevasizumabu, zenye matokeo mazuri zaidi. Lakini hizi zinatiwa kila baada ya majuma 3, na mbele ya kuanza inafaa kuingiza kamera katika koo la mgonjwa kuangalia kama mishipa haiko karibu kupasuka, sababu moja ya dawa hizo inaweza kuleta kutoka damu. Bei yake inapita uwezo wa karibu kila familia ya huku. Mtu wa Nyabiondo ao wa Mubi afanye safari ya mji mkubwa kila majuma 3, na barabara hizi? Hiyo ni hesabu isiyoingia.

Miezi miwili na nusu

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2017 ulifuata wagonjwa zaidi ya 2500 wa kansa ya ini katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo majirani zetu Uganda na Tanzania. Congo haikuwemo, lakini picha inafanana na ile inayoonekana huku. Ukiondoa Misri, nusu ya wagonjwa walikuwa chini ya miaka 46. Kati ya 100, 95 walifika wakati ugonjwa umeendelea ao uko kwenye mwisho. Nusu yao walikufa ndani ya miezi 2 na nusu tangu kupimwa. Misri, ambako serikali ilipanga kupima na kufuata watu wenye ugonjwa wa ini, miezi ilikuwa karibu 11.

Miezi 2 na nusu ni muda ambao familia ya Walikale inaweza kuumaliza ikitafuta pesa za safari tu.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo watu hawapendi kusikia. Wakati mgonjwa amekwisha kuwa na maji tumboni, manjano machoni, na ekografi imeonyesha kitu ndani ya porta, kuuza shamba ao ngombe za mwisho kwa kumpeleka Kampala ao mbali zaidi hakutamponyesha. Pale watamfanyia skaneri nzuri zaidi na watamwambia lile ambalo munganga wa hospitali kuu angeweza kumwambia. Mgonjwa mwenyewe ana haki ya kwenda kama anataka. Lakini mjane na watoto watabaki bila shamba, na hakuna aliyewaeleza mbele kwamba safari ile haikuwa ya kupona. Wanganga wengi wanaogopa kutamka neno, wanaandika barua ya kumhamisha mgonjwa, na barua ile familia inaisoma kama ahadi.

Tena safari yenyewe siku hizi ni hatari. Masisi-kati iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi uleule, na Walikale-kati mwezi wa Machi, mbele ya wapiganaji hao kuondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu ile Januari, benki zikafunga milango. Kwa mtu wa Walikale, njia ya Goma inapita katikati ya makundi yenye silaha. Inabaki kufuata barabara ya Lubutu kuelekea Kisangani, ao ile ya Hombo kuelekea Bukavu. Hospitali kuu ya Masisi, inayosaidiwa na MSF tangu 2007, imejaa majeruhi wa risasi, wanawake wa kuzaa na watoto wenye bwaki. Hakuna anayeweza kuilaumu kwamba kansa haiko mbele katika kazi zake.

Mbegu inapandwa siku ya kuzaliwa

Sababu kubwa ya kansa hii katika Afrika yetu ni virusi vya hepatiti B. Vinapita katika damu na maji ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kuzaa, mtoto kwa mtoto kwa vidonda na mikwaruzo, wembe wa pamoja, chale, sindano isiyosafishwa, damu isiyopimwa, na ndoa. Havipiti kwa kula sahani moja wala kwa kusalimiana mkono. Inafaa kurudia jambo hilo, sababu kuna wagonjwa wanaotengwa hata na watoto wao.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili unavifukuza. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa siku ya kuzaliwa, hesabu inageuka: karibu 9 kati ya 10 wanabaki navyo kwa maisha. Anakua, anacheza mpira, anaoa, anachimba, hasikii kitu. Virusi vinafanya kazi pole pole ndani ya ini. Wengine wanapata kwanza ini lenye makovu. Wengine wanapata kansa bila makovu, njo maana inaangukia hata vijana wasiokunywa pombe. Wenye kunywa kanyanga kila siku wanaharakisha mambo, hilo ni kweli, lakini kusema kila mgonjwa wa ini ni mlevi ni kumuonea.

Congo iliingiza chanjo ya hepatiti B katika chanjo za kawaida za watoto mwaka wa 2007. Ni kusema karibu kila mtu mzima wa Masisi na Walikale leo alizaliwa mbele ya chanjo hiyo. Fikiria pia kizazi cha vita. Mapigano ya Machi 1993, yaliyoanzia soko la Ntoto katika Walikale na kusambaa Masisi nzima, yalitawanya watu mwituni. Watoto waliozaliwa katika kukimbia ile, na katika kukimbia zilizofuata mpaka 2007, hawakuwa na chanjo hiyo. Sasa ni watu wazima. Umri wa kansa wanaukaribia, na wengi wao hawajawahi kupimwa.

Kuna sababu nyingine ambayo inakaa jikoni. Mahindi na karanga zikianikwa vibaya ao zikiwekwa penye unyevu, zinaota koga, na koga moja inatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Mwaka wa 2004 huko Kenya, katika Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi ya namna hiyo yaligonjesha watu 317 na kuua 125 ndani ya miezi michache. Ile ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja. Ile ya kidogo kidogo, ya kila siku kwa miaka, haiui kwa haraka, inaharibu ini. Uchunguzi wa Shanghai wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba mtu mwenye hepatiti B na pia aflatoksini mwilini alikuwa na hatari ya kansa ya ini karibu mara 60 kupita mtu asiye na vyote viwili.

Kwa hiyo wanaosema kuna sumu katika chakula hawakukosea kabisa. Ila hakuna aliyeitia. Koga hii inapenda joto na unyevu. Milima ya Masisi ina baridi, viazi na maharagwe havina shida hiyo sana. Pori la Walikale ndiko kwenye hatari zaidi, na pia mahindi na karanga vinavyopandishwa sokoni kutoka sehemu za chini. Vita vinaongeza: watu wanavuna mbele ya wakati kwa kuogopa kuibiwa, wanaficha mavuno mabichi chini ya ardhi ao katika mifuko ya plastiki, na kile kilichoota koga, badala ya kutupwa, kinatengenezwa pombe ao kinapewa kuku.

Nani anapimwa, nani anapata kidonge

Kipimo cha hepatiti B ni tone moja la damu ya kidole na dakika chache za kungoja. Dawa ya kuzuia virusi, tenofoviri, ni kidonge kimoja kwa siku. Haifukuzi virusi kabisa, lakini inavilaza na inapunguza hatari ya kansa. Na kidonge hiki si kigeni huku: kimo ndani ya dawa ambazo watu wenye ukimwi wanapewa bure.

Hapo ndipo kuna jambo la kuudhi. Mtu mwenye ukimwi anapewa tenofoviri bila malipo, sababu kuna mfuko wa kimataifa unaolipa. Mwenye hepatiti B peke yake, katika sehemu nyingi za Afrika, anaambiwa akanunue, ao anaambiwa hakuna. Shirika la afya duniani, katika ripoti yake ya 2024, lilihesabu kwamba katika eneo la Afrika watu wenye hepatiti B waliojulishwa hali yao walikuwa karibu 4 kati ya 100, na wenye kupata dawa hawakufika hata mmoja: walikuwa 2 kati ya 1000. Mwaka uleule shirika hilo lililegeza masharti ili watu wengi zaidi waanze dawa mapema. Kanuni zimelegezwa Geneva, lakini kwenye rafu ya kituo cha afya cha kijijini kidonge lazima kifike kwa njia fulani.

Wenye kufaa kupimwa kwanza wanajulikana: wanawake wenye mimba, ndugu na watoto wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa ini, wanaotoa damu, wauguzi na wafanyakazi wa maabara. Kifo cha tumbo kujaa maji, badala ya kuanzisha mashauri ya sumu, kingefaa kupeleka nyumba nzima kupimwa. Ndugu wa tumbo moja na marehemu walizaliwa na mama mmoja. Kama yeye alipata virusi siku ya kuzaliwa, wao pia wako katika hatari.

Mashauri ya sumu si ya mdomo tu. Mwaka wa 2021 huko Kivu ya Kusini wanawake walichomwa na kuuawa na makundi ya watu kwa kushukiwa uchawi. Kila mgonjwa anayekufa bila jina la ugonjwa anaweza kuacha nyuma yake mtu wa kushukiwa, na mara nyingi ni mjane mwenyewe ao mama mzee asiye na mtetezi. Tena, dawa za kutapisha ambazo wengine wanapewa ili "kutosha karuho" ni hatari kubwa kwa mtu ambaye mishipa ya koo imevimba.

Kwa yule ambaye hatapona

Kusema hakuna kupona hakumaanishi hakuna kazi. Maji ya tumbo yanaweza kutolewa kwa sindano, mgonjwa akapumua na kulala. Dawa za kukojoza zinasaidia wengine. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka kama pipi, zifae kukatazwa, sababu zinaongeza kutoka damu na kuumiza figo. Uchungu mkali unatulizwa na morfini, kwa dozi ndogo ndogo sababu ini halina nguvu ya kuisafisha.

Uganda ilionyesha kwamba hilo linawezekana bila utajiri. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993, inatumia morfini ya kunywa, ya maji, na tangu 2004 sheria ya kule inaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika. Mgonjwa anakufa nyumbani kwake bila kulia usiku kucha. Kama pesa ya ngombe moja inafaa kutumiwa mahali, ni hapa: chakula anachokiweza, godoro, muuguzi wa kumtembelea.

Saa 24

Chanjo ya watoto wa Congo inaanza kukinga hepatiti B katika juma la 6, kisha la 10 na la 14. Kwa mtoto ambaye mama yake ana virusi, juma la 6 ni kuchelewa. Tangu 2009 shirika la afya duniani linaomba kila mtoto apewe dozi moja ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Taiwan ilianza kuchanja watoto wake wote mwaka 1986, baada ya kuanza mwaka 1984 na wale wa akina mama wenye virusi, na miaka michache baadaye kansa ya ini kwa watoto ikashuka. Katika Afrika, mwaka wa 2022, watoto waliopata dozi ya kuzaliwa hawakufika 1 kati ya 5. Huko Kinshasa, mwaka 2018 na 2019, wanawake wenye mimba zaidi ya 4000 walipimwa katika uchunguzi uliofanyiwa kwenye maternite. Karibu 3 kati ya 100 walikuwa na virusi, na kazi ya kuwafuata na kuchanja watoto wao ilionyesha kwamba jambo hilo linafanyika hata katika maternite zetu za kawaida.

Gavi, mfuko unaosaidia nchi maskini kununua chanjo, ulifungua mlango kwa dozi hiyo mwaka wa 2024. Serikali inafaa kuomba, kupanga na kusambaza. Masisi na Walikale zina ugumu wao: nani anagawa chanjo katika eneo ambalo mamlaka ni mbili, na nani anafikia mama aliyezalia katika shamba la watu wakati wa kukimbia. Lakini mtoto anayezaliwa kwenye maternite tayari anapewa BCG na matone ya polio. Mkono wa muuguzi uko pale, friji ni ileile, na chanjo ya hepatiti B inavumilia joto kuliko nyingine nyingi. Kinachoiharibu ni kuganda. Mama anayekwenda kupimwa mimba anaweza kuanza kuuliza maswali mawili kwa muuguzi: kama kipimo cha hepatiti B kipo, na kama mtoto atachanjwa siku ya kwanza. Mara nyingi jibu litakuwa hapana. Majibu hayo ya hapana yakiandikwa katika ripoti za kila mwezi za maeneo ya afya ya Masisi, Mweso, Katoyi, Kirotshe, Walikale, Pinga, Kibua na Itebero, wenye kupanga chanjo hawataweza kusema kwamba hakuna aliyeiomba.